Wote Waliomezwa na Zimwi

Kasulo, Jumatano

Kile kitabu cha upelelezi nimekitia motoni. Na nilivyokuwa nakipenda!

Leo Konsolata, mkimbizi kutoka Rwanda, alikuwa anapura maharage yetu, mimi nikimsomea. Kitabuni muuaji akampiga mtu panga moja tu, akafa kimya. Konsolata akasema, "Mwongo huyo. Hawafi upesi hivyo."

Nikachukua kile cha zamani, cha shuleni, cha zimwi lililopasuliwa tumbo na waliomezwa wakatoka wazima. Siku zote nimekidharau, eti cha kitoto.

"Walitoka wote, dada?" akauliza nilipomaliza kumsomea.

"Wote."

"Hata watoto?"

"Hata watoto."

Aliyapiga maharage mpaka fimbo ikakatika, akaendelea kwa ngumi. Kisha akasema, "Soma tena pale wanapotoka."