Kimo cha Kuku

Sadi, rafiki yangu,

Mangi ameleta mtu mwingine dukani kwake wa kutafsiri sinema. Nimeona nikwambie mwenyewe, maana nakujua kwa wivu. Anakalia kiti chako, anashika maiki yako, na zile sinema za mashujaa ulizozitafsiri anazirudia zote kwa sauti yake. Anapayuka tu, "Kamdaka! Kamdaka!" Hesabu hamna. Na wateja wanazipenda, Sadi. Mtu akileta flashi anawekewa za huyo, zako zinafutwa kupisha nafasi. Nilimsihi Mangi aziache. Akanijibu kwa upole kabisa, "Pole Mwalimu, lakini watu wanataka DJ aliye hai." Nikashuka ngazi, nikalia Mtaa wa Kongo mzima huku napigwa vikumbo na wabeba mizigo.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya kwanza? Nilikuja kukugombeza. Wanafunzi wangu walikuwa wamelikataa somo la fizikia kwa sababu "DJ Sadi kasema" shujaa anaweza kumdaka mtu aliyeanguka ghorofani hata akiwa amebakiza kimo cha kuku kufika chini. Duka zima mliamini hivyo. Nikakwambia mikono ya chuma haina tofauti na lami. Ukacheka. "Haya Ticha, tujaribu." Ukanunua mayai kwa muuza chipsi, ukapanda juu, ukaniangushia. La kwanza nililidaka kwa kiganja nilichokikaza. Likapasuka, likanichuruzika hadi kwenye kiwiko. La pili tukalitegea khanga yangu, mimi na muuza chipsi tumeshika pembe, tumeilegeza. Likatua zima. Ukashuka mbio unapiga kelele utadhani umefunga goli.

Nikakueleza: gawanya umbali alioanguka kwa nafasi aliyopewa ya kusimama. Ghorofa kumi ni kama mita thelathini, mikono ya shujaa inampa nusu mita. Anapigwa kwa nguvu ya uzito wake mara sitini hivi. Lakini shujaa akimwahi kule juu, akashuka naye huku anapunguza mwendo, atapona.

Tangu hapo ikawa ndiyo staili yako. "Ndugu watazamaji, Ticha wangu anasema hapa kachelewa. Huyu dada kadakwa maiti." Watu walivunjika mbavu, nami nilicheka nao. Kusikia "Ticha wangu" kwenye kila kibanda cha sinema mjini kulinifanya nijione mtu.

Halafu tumbo lako. Ulisema ni vidonda tu, ukawa unameza vidonge vya duka la dawa na kuendelea kutafsiri. Tulipokufikisha hospitali, daktari alikuwa hodari, Sadi, sina la kumlaumu. Mashine zilikuwepo, dawa zilikuwepo. Akatutazama mimi na mama yako, akasema ini limeshakwisha, mngekuja mapema. Hesabu yake niliijua kabla hajamaliza kusema. Ulikuwa umebakiza kimo cha kuku.

Siku ya mazishi wanaume walikubeba wakaondoka nawe, sisi wanawake tukabaki ndani na mama yako. Sikukuaga. Ndiyo maana naandika.

Nilinusuru sinema moja tu, ile ya mwanamke anayeanguka kutoka kwenye mnara. Kila Jumamosi baada ya alasiri naipeleka kwa mama yako. Picha haimhusu, anataka sauti. Ukianza kuongea anafumba macho, anatikisa kichwa taratibu. Mwanamke anaanguka, shujaa anakuja, unavuta pumzi ili useme. Hapo mama ananishika mkono. "Simamisha, mwanangu." Nasimamisha. Tunakaa hivyo hivyo, mwanamke yuko hewani, chai inapoa. Mwanzoni nilitaka kumwambia kwamba kusimamisha picha hakumsaidii yule mwanamke kitu.

Jumamosi iliyopita akaniuliza, "Si bado yuko juu?"

Nikasema, "Ndiyo mama, bado yuko juu." Mimi, Sadi. Mimi niliyekuja kukugombeza kwa uongo huo huo.

Kwaheri. Pumzisha koo lako. Dukani sitakanyaga tena, na mayai siwezi hata kuyatazama. Sina jipya la kutumaini. Ila nakuahidi hili: maadamu mama yako yu hai, sitaiachia ile picha iendelee.

Ticha wako