Jiwe Lenye Kitambaa Changu

Jumatatu, 4 Machi
Mkono wa mume wangu umezidi kutetemeka. Leo kalamu imemponyoka, wino ukamwagikia ukurasa mzima. Hakutukana. Afadhali angetukana! Basi kazi ya wino ni yangu sasa — michoro yote alishaimaliza kwa penseli, mimi napita juu ya mistari yake. Kitabu cha maisha yetu, kwa picha. Wifi kaja kanicheka, ati mke kageuzwa fundi rangi. Nami nimecheka. Mume wangu kajichora, pua yake kaipunguza, muongo huyu!

Jumatano, 6 Machi
Nimefika kwenye picha za Kidoti, binti yetu. Nilijua nitafika. Nywele zake nimezipitishia wino taratibu, kama namsuka.

Kisha mazishi yake. Mume wangu yupo, wifi yupo, majirani wapo. Mimi simo. Mahali pangu pana jiwe. Limefungwa kitambaa — kitambaa changu cha maua!

Nimemuuliza. Akasema ni hadithi ya bibi yake: mama alimngoja mwanawe mtoni hadi akageuka jiwe. Ni sitiari tu, msomaji ataelewa. Nikamwambia ataelewa kwamba mimi ni jiwe. Naye, kwa sauti ya chini: "Hukulia."

Ijumaa, 8 Machi
Wino sijaugusa. Wifi anasema picha ya jiwe ndiyo nzuri kuliko zote, nisimharibie mgonjwa kazi yake. Labda.

Wahenga walimsema mficha maradhi. Mficha machozi hawakumsema.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwambia mume wangu. Nilikuwa namkata kucha, hapo hana pa kukimbilia. Kwamba nililia. Bafuni, bomba nimelifungulia, taulo mdomoni, ndoo inajaa inamwagika. Siku hiyo na nyingi baada yake. Maana yeye alikuwa chini, hainuki, na mmoja wetu ilibidi asimame.

Akauvuta ule ukurasa wa mazishi, akashika kifutio mwenyewe, akalifuta jiwe. Kwa mkono ule! Kafuta na nusu ya jirani. Akanisogezea penseli.

"Jichore, Mama Kidoti."

Tangu tumzike hajaniita hivyo.

Kuchora sijui! Nimeanza na bomba. Ndoo. Taulo limetoka kama samaki. Umebaki uso. Nimechora jicho moja, limekaa juu mno, nikataka kulifuta — kanishika mkono, wake unatetemeka, na wangu sasa unatetemeka nao, na penseli bado iko kwenye karatasi