Ndevu za Matanga

Milisav, natoka shuleni sasa hivi, nakupigia nikiwa njiani kurudi nyumbani. Mwanangu Ognjen kafeli hesabu. Ognjen, aliyekuwa wa kwanza darasani!

Sababu eti ndevu. Ndevu, ndugu yangu! Mtoto hagusi wembe mpaka arobaini ya mama yake ipite, kama mimi, kama baba zetu. Basi kila asubuhi mkuu wa shule anamtoa nje: "Kanyoe ndipo uingie." Mwezi mzima kasimama kwenye korido, wenzake wanasoma.

Nikamwambia, "Mwalimu, kijana kafiwa na mama." Akanitazama kidevu changu, akasema, "Pole, mzee. Lakini hapa ni shuleni, si matangani. Sheria ni sheria."

Sheria ni sheria! Hao wakubwa hawafiwi? Wamemfukuza darasani, kisha wamemtahini yale wasiyomfundisha.

Marehemu mke wangu Desanka alikuwa akimwamsha alfajiri asichelewe hiyo shule. Heri hayaoni haya.

Nimefika nyumbani. Ognjen ameshanyoa, Milisav. Imebaki wiki nzima kufika arobaini, na ameshanyoa. Kidevu kinavuja damu, ananiuliza, "Baba, sasa watanirudishia yale masomo?"