Kipande Kilichokataa Rangi

Jumatatu, 3 Machi
Majibu yametoka. Hamna kitu! Daktari kasema ule uvimbe waliomtoa Kitinda, mwanangu wa mwisho, kupitia puani, pale kwenye kitezi cha chini ya ubongo, hautengenezi homoni yoyote. Wameupaka dawa za rangi, haukushika hata moja. Kwa hiyo sindano za kila mwezi za kuzuia homoni hapewi. Nikamuuliza, na ile damu ya kabla ya upasuaji, iliyoonyesha homoni ya kukua imepanda? Eti damu inaweza kukosea, kipande cha nyama hakikosei. Akafunga faili.
Mtoto ana miaka kumi na tisa. Juzi kavaa viatu vya marehemu baba yake, vikambana. Vya baba yake! Halafu mimi niamini hamna kitu?

Jumanne, 4 Machi
Dada kaja. Niache ubishi, anasema, mimi niliishia darasa la nne na yule daktari kasoma mpaka kapata upara. Tukacheka wote. Kitinda naye, anakunja nguo zake: "Mama, nikizidi kukua utanikodisha niwe mlango." Nilicheka mpaka bafuni. Huko nikafungulia maji, asinisikie.
Naogopa. Naandika hapa tu, sitamwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi
Leo kazini, sufuria la bluu. Miaka ishirini na miwili natia rangi nguo za watu, na kila sufuria lazima nitumbukize kitambaa changu cheupe cha pamba. Nakiita shahidi. Nguo ya mteja ikikataa rangi, kwanza namtazama shahidi. Kashika? Basi nguo ndiyo kaidi. Shahidi naye katoka mweupe? Rangi imekufa, nguo haina kosa.
Nikasimama na mti wa kukorogea mkononi kama mwehu. Hao wa hospitali, walimtazama shahidi yupi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda! Si kwa daktari — maabara kwenyewe, mikono bado bluu mpaka kwenye viwiko. Fundi wa maabara ni mama mtu mzima, miwani kaifunga uzi. Huku haingii mtu, akaniambia. Nikamwambia nimeshaingia, dada yangu, tuendelee.
Akanihurumia, akanieleza. Wanakata kipande chembamba kuliko karatasi, wanakibandika kwenye kioo. Wanakidondoshea kingamwili. Kila kingamwili inaijua homoni yake, kama mtoto anavyomjua mama yake kwenye umati. Ikimwona inamng'ang'ania, na hapo seli inageuka kahawia. Kuna ya homoni ya kukua, kuna ya maziwa, kila moja na yake.
"Na shahidi?" Nikamweleza kitambaa changu.
Akaacha alichokuwa anafanya. Wanaye, kasema. Ni kipande cha tezi ya mtu asiyeumwa, kinapakwa pamoja na cha mgonjwa. Lakini wiki ile kilikuwa kimewaishia. Wakapaka bila.
Bila!
Na chupa ya kingamwili, nikauliza? Chupa ilifunguliwa tangu mwaka jana. Kasema hayo akitazama sakafu. Sikumgombeza, naye ana mkubwa wake. Nyama ya mwanangu bado ipo, na chupa mpya imefika. Ila kurudia lazima mkuu wa maabara asaini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemvizia mkuu mlangoni kwake tangu asubuhi. "Mama, umekuja kunifundisha kazi?"
"Sikufundishi, baba. Nauliza tu shahidi alikuwa wapi."
Kaita faili, kasoma kasimama, kasaini. Nilitoka kichwa juu.

Jumanne, 11 Machi
Naandika kwenye benchi la korido. Kitinda yuko pembeni yangu, anajipepea na kadi ya kliniki.
Fundi katoka mara moja. Shahidi kashika! Kahawia imekoza, kasema. Ya mtoto je? Hapo akasema si yeye wa kutamka, anasoma mkuu. Lakini leo hakutazama sakafu. Kanishika bega akarudi ndani.
Mkuu yuko kwenye darubini nusu saa sasa. Mlango umefunguka — kamwagiza mtu amwite daktari wetu, aje atazame kwa macho yake.
Nimefunga daftari, nimelifungua tena.
Huyo anakuja, yule wa nyama haikosei. Anatembea haraka, salamu hana. Kitinda kavua viatu vya baba yake, vinambana, kaviacha katikati ya njia. "Mama, visogeze, daktari apite."
Sivisogezi. Aviruke.