Vyondo vya Maungu na Vyondo vya Chawia

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Alice amerudi kutoka Chawia, mlimani, kwa bibi yake mwingine, Wakesho. Mjukuu ni wetu sote wawili lakini mdomo umejaa huyo mmoja! Susu (ndivyo anavyoniita mimi, bibi yake Mkamba), kwa bibi kuna migomba. Susu, vyondo vya kikundi cha bibi vinapigwa picha. Nikamwambia kunywa uji, unapoa. Mimi pia nina kikundi. Hapa Maungu bondeni ni vumbi na malori — na tunasuka!

Alhamisi, 8 Agosti
Amekuja kijana wa utafiti, Kitonga. Mkamba mwenzetu, lakini wa Nairobi. Anapima vikundi kumi na vinne, saba vya mlimani, saba vya bondeni. Hatazami nani ana vyondo vingi. Anatazama wanawake wangapi wametoa vyondo vingapi, yaani kila mmoja vingapi. Wa kwanza atapewa tangi la maji. Tangi! Wakesho ana mto nyuma ya choo, tangi la nini?

Akauliza tuko wangapi. Nikasema sita. Tuko kumi, lakini Kathini na wenzake watatu wana mimba. Mwenye mimba hatumhesabu, ni kumwitia balaa. Huyu kijana angelelewa na susu yake angejua kuuliza. Vyondo nilimpa vyote arobaini. Vyondo havina mimba.

Ijumaa, 23 Agosti
Kitonga amerudi na karatasi. Amepanga vikundi vyote mstari mmoja, mlima na bonde pamoja, wa kwanza mpaka wa kumi na nne. Kisha akajumlisha namba za kila upande. Bonde arobaini na tisa, mlima hamsini na sita. Mwenye kidogo ndiye mbele. Nikapiga vigelegele! Akasema pole pole susu, tofauti ni ndogo, huenda ni bahati tu. Bahati? Nikamwonyesha vidole vyangu.

Ila kikundi cha kwanza kabisa ni chetu. Wakesho wa sita. Nimeuliza mara tatu. Wa sita!

Jumamosi, 24 Agosti
Alice amechukua karatasi ya Kitonga, amegawa arobaini kwa sita. Halafu kwa kumi. Susu, mkiwa kumi ninyi ni wa tisa. Nikamwambia sikudanganya, ni mila. Akasema basi mwambie Kitonga.

Na huyo wa Chawia?

Anapanda, wa tano.

Hapo ndipo nilipowaka moto.

Kathini ameshafagia mahali pa tangi.

Jumatano, 28 Agosti
Wakesho yuko hapa! Kitonga amemtuma ajifunze kwetu. Amebeba mkungu mzima wa ndizi — hata akishindwa anakuja na mzigo. Mkwe, anasema, nifundishe, wanawake sita vyondo arobaini mnafanyaje? Hana kejeli. Afadhali angekuwa nayo.

Nimeingia ndani, nimesema natafuta kalamu. Nje Kathini na wenzake wamefika na kazi zao. Wakesho anawasogezea mkeka, anawauliza miezi mingapi, anacheka nao. Wanampenda tayari!

Alice yuko mlangoni. Anasema bibi ameuliza hawa wanne ni wa kikundi gani. Naye amemjibu bibi kwamba susu ndiye atajibu. Nimesema naja. Bado amesimama, anaitazama kalamu mkononi mwangu.