Mivule ya Midia Imeona Jua

Mama,

Ule mvule mkubwa nyuma ya nyumba yetu hapa Midia umeanguka. Upepo wa mvua za kwanza uliung'oa, ukavunja na miti miwili ya jirani. Asubuhi nilipotoka nilifumba macho, maana mahali tulipozoea giza palikuwa peupe kabisa.

Unakumbuka tulivyohangaika tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire? Baba hakurudi, nyumba ilikuwa majivu, na wewe ukataka kuotesha mivule. Mbegu zilianguka chini ya ule mti kila mwaka, lakini hakikuota kitu, au kikiota kinakufa na majani mawili. Watu wakasema udongo umelaaniwa kwa sababu ya vita. Ukachota udongo huohuo, ukajaza makopo mawili. Moja ukaliacha kivulini, moja ukaliweka mlangoni pa jiko. La mlangoni likaota. Uliniita kwa kelele, "Kuja uone! Mbegu iko muzima. Jua tu ndiyo hakuna." Ukacheka mpaka ukakohoa. Kile kikohozi... basi, siandiki hapo.

Sasa sikiliza. Wiki chache baada ya mti kuanguka, miche ikatoka pale palipofunguka. Mingi, Mama! Ndani kidogo, ambako matawi bado yamefunika, hakuna hata mmoja.

Ndipo Baba mdogo Yusufu akaja na vijana wenye majembe na mapanga. "Hapa iko wazi sasa," akasema. "Tunalima tumbaku. Na wewe, mutoto wa kike, kesho utaolewa, utaenda kwa bwana."

Nilikaa chini katikati ya miche. "Baba mdogo, mimi siendi popote. Lima, lakini anza na mimi."

Mama Poni, yule mkimbizi wa Sudan uliyekuwa ukimgawia mihogo, alikuwa akipita na maji. Akatua mtungi, akakaa kando yangu. Vijana wakaona aibu, wakaweka majembe mabegani, wakaondoka.

Lakini Baba mdogo hakukoma. Siku ya soko, nikiwa Koboko, alirudi akalima upande wa barabara. Nilikuta miche imelala kwenye udongo. Nililia kwa hasira, halafu nikampeleka kwa wazee wa kijiji. Wakasema shamba ni la baba yangu, na mimi ni mtoto wake. Baba mdogo hanisalimu tena. Asinisalimu!

Miche iliyobaki inanifika kiunoni. Majani yake yana meno madogo pembeni, yanakwaruza mkono. Ungependa kuyashika.

Nikimaliza palizi nitaenda Logiri kwa dada yako. Naye wanamwambia udongo wake umekufa. Nitakwea mvule wake mwenyewe nikate matawi, jua lifike chini, na wanaume wa huko, wanaosema mwanamke hapandi mti, wakasirike wakitaka. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Mama. Kukulilia sijaacha. Ila kuogopa nimeacha.

Mwanao,
Hawa