Amenizika Kitabuni, Sasa Anataka Turudiane

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana sina mwingine wa kumwambia. Naitwa Digna, nauza mitumba Kiboriloni. Nilipokuwa binti nilimkataa mchumba aliyeletwa na baba nikashuka kutoka kwetu Kibosho, ambako sijarudi hadi leo, kumfuata Basili, mwalimu wa shule huko Rau, kwa sababu nilimpenda kweli, nikaishi naye miaka minane akiniahidi ndoa, mwishowe akamwoa mwalimu mwenzake na mimi nikasikia tangazo lao la ndoa likisomwa kanisani nikiwa benchi la nyuma. Sasa ameandika riwaya, na mwanamke wa humo ni mimi kabisa, anauza nguo, amewakaidi wazazi, anakimbilia mapenzi, halafu anaugua na kufa peke yake, na mwanamume analia kaburini. Wenzangu sokoni wanaazimana kitabu hicho na kuniita marehemu. Nilimfuata nikamuuliza, "Basili, mbona umeniua?" Akajibu taratibu, "Digna, wasomaji hawakubali mwanamke wa namna ile abaki hai." Juzi mkewe amemwacha, naye amekuja kibandani kwangu kuomba turudiane, na aibu yangu, mshauri, ni kwamba bado nampenda. Nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU

Digna, pole sana. Kupenda hukukosea. Lakini tangazo ulilisikia kwa masikio yako, kitabu umekisoma kwa macho yako, na bado unaniuliza mimi?

Kukuacha, wengi huacha. Ila huyu alipokaa kuandika hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Angeweza kumwandika mwanamume mwongo. Akachagua kukupa wewe ugonjwa, machozi akajipa yeye. Na sisi tunanunua. Mwanamume akihangaikia mapenzi vitabuni tunamsifu, mwanamke akihangaika tunafunua kurasa tukingoja aadhibiwe. Hata kwenye ukurasa huu, barua zinazopendwa ni za wanawake walioharibikiwa. Jambo hili linanikera, na dawa yake sina.

Yako ninayo. Usirudi. Basili akija kibandani, mhudumie kama mteja, na kama hanunui, aondoke. Anayekuita marehemu usimwitikie mpaka akutaje jina. Panda Kibosho ukamwamkie baba yako. Usimwombe msamaha kwa kupenda, mwombe kwa kupotea miaka yote hiyo. Huyo bwana utaendelea kumpenda, pengine kwa muda mrefu, na itauma. Mpende ukiwa kwako, mlango umeufunga.